Umeruka Tura

Dar es Salaam,
3 Februari 2025

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na miguu ya Baba imepungua kuvimba, na kompyuta zako nne za kibanda cha gemu zote zinawaka. Mimi sijambo, ila usingizi ndio adimu.

Ndani ya bahasha kuna diski. Nimempa Masolwa, yule mhudumu wa behewa, akukabidhi mkononi, maana faili ni kubwa na ukilishusha kwa mtandao wa hapo mtaani Ng'ambo utamaliza Idi ya mwakani. Ni Mpagazi wa tatu, lile gemu letu la kutisha, dada. Miaka karibu mitatu ya kazi. Litatoka tarehe 30 Aprili. Sasa si mimi peke yangu chumbani kama wakati wa gemu la kwanza. Tuko watu kumi na wanne, tuna ofisi yenye kiyoyozi, na bosi anaitwa Raymundi, mtu asiyejua maana ya neno kesho.

Naomba ufanye kama ulivyofanya kwa la kwanza na la pili. Cheza lote, wachezeshe wateja wako, kisha niandikie limetisha au halikutisha. Usinionee haya. Kwenye orodha ya majina mwishoni mwa gemu nimeshaweka ule mstari wetu: "Limepimwa Tabora na Mwanahawa Lukumani." Huku watu wanauliza huyo Mwanahawa ni profesa wa chuo gani.

Andika, usipige simu. Kwa simu tunagombana, na mimi nakata. Najua ni tabia mbaya.

Msalimie Baba.

Mdogo wako,
Sabiri


Tabora, Ng'ambo,
19 Februari 2025

Mdogo wangu Sabiri,

Marahaba. Sisi wazima. Baba sasa anakwenda msikitini na kurudi bila kupumzika kwa fundi baiskeli. Kompyuta zinawaka tatu. Ya nne imeingia mchwa, na usiniulize wanakula nini humo ndani. Wewe lala. Mtu asiyelala hutengeneza gemu kama hili ulilonitumia.

Nimelimaliza mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani Masolwa kachanganya bahasha.

Hebu nikukumbushe la kwanza, naona kiyoyozi kimekusahaulisha. Mle wewe ni mpagazi, mmoja kati ya kumi, unatoka Tabora kwenda pwani na pembe ya ndovu begani. Silaha huna. Ukikimbia, pembe inaanguka. Ukigeuka ghafla, inaanguka, na kishindo chake ndicho kinachowaita walioko porini. Kwa hiyo unatembea polepole, unasikia kitu nyuma yako, na kugeuka huwezi. Halafu mnafika kambini. Kirangozi, yule kiongozi wa msafara, anaita majina kumi, na wanaume kumi wanaitika mmoja mmoja: naam, naam, naam. Unashusha pumzi. Ndipo kutoka ng'ambo ya moto, bila kuitwa na mtu, anaitika mwanamke.

"Abee."

Basi. Neno moja, kwenye msafara usio na mwanamke hata mmoja. Masolwa, mtu aliyelala kwenye kila stesheni ya reli hii, alitupa hedifoni akatoka nje na kiatu kimoja. Mwalimu Wilbroad wa Ntalikwa, anayefundisha historia na alikuja kutafuta makosa tu, aliniomba nifungue mlango mwanga uingie. Na ilikuwa saa sita mchana!

La pili lilirefuka, nilikwambia wakati ule. Kutoka hapa hadi Ujiji ulijaza funguo. Nani anafunga milango kwenye pori la Malagarasi? Lakini mzigo ulikuwepo, na kuitana kambini kulikuwepo, na mwisho kule ziwani, wenzake wote wamekufa, kirangozi anaita majina peke yake na hakuna anayejibu mpaka anaitika mwenyewe. Pale nililia. Nilikupa saba.

Sasa njoo kwenye hili la tatu. Msafara unarudi nyumbani kutoka pwani na marobota ya nguo, wazo zuri kabisa. Dakika ya kwanza nikapewa gobori. Dakika ya tatu nikapewa jingine. Kufika Ugogo nina magobori sita, na risasi zimetapakaa chini ya kila mti kama karanga zilizomwagika. Mzigo uko wapi? Uko kwenye mkoba. Mkoba unaingia vitu arobaini na hauna uzito. Sabiri, gemu linaitwa Mpagazi, na mpagazi habebi!

Dakika ya tano zimwi linatokea. Lote zima. Mchana. Nilipata muda wa kuhesabu meno. Mteja mmoja alilipigia mluzi. Kuna mshale ardhini wa kunionyesha njia, eti nisipotee, na mimi nililipenda la kwanza kwa sababu nilikuwa napotea. Kambini majina yanaitwa mara moja tu gemu zima, na anayeita anaita kama anatangaza sabuni. Kisha anatokea mwanamke anapiga ukelele: "NAAAM!" Mwanamke anaitika naam? Kalelewa na nani huyo?

Jambo jingine, Mwalimu Wilbroad anasema umeruka Tura. Msafara unatoka kwenye pori la Mgunda Mkali na kutokea Rubuga moja kwa moja. Anasema kila msafara uliovuka lile pori ulipumzika Tura, ndipo watu walipojua wamefika kwao, na hata mwanafunzi wake wa mwisho darasani asingeikosa. Na mimi nakumbuka katika la kwanza ile abee tuliisikia kwanza kabisa Tura.

Nakupa tatu kwa kumi, na mbili kati ya hizo ni za mawingu.

Lakini hayo yote yanatengenezeka. Nijibu hili kwanza. Ile abee ni sauti ya Mama. Tulimrekodi humu ndani mwaka 2016, mimi na wewe, na sasa Mama hayupo. Nimecheza mara mbili, kila kambi nikisimama na kusubiri, nikidhani umemweka mbali kidogo ili tumtafute. Sikumsikia. Mama umempeleka wapi?

Dada yako,
Mwanahawa


Dar es Salaam,
27 Februari 2025

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Baba. Hao mchwa wapulizie dawa.

Barua yako nimeisoma. Dada, mambo yamebadilika. La kwanza lilichezwa na watu wa kwetu na wachache wa nje. Hili litachezwa na watu ambao hawajui Tabora iko upande gani wa dunia. Tuliwapa wachezaji mia mbili walijaribu, na waliokuwa wanaangusha mzigo walikasirika wakaacha. Raymundi akasema tuwape silaha. Wakipotea wanaacha, ndiyo maana ya mshale. Hayo ni mambo ya kitaalamu.

Kuhusu sauti ya Mama. Ile rekodi ina kelele. Kuna cherehani, kuna sufuria, kuna jogoo wa jirani. Mafundi wa sauti wamesema haifai kwa spika za kisasa.

Na Tura hakuna kitu, dada. Ni kituo tu. Nafasi haikutosha.

Wewe unapima kwa moyo. Mara hii naomba upime kwa macho tu. Niambie kabla ya mwisho wa Machi kwamba jina lako linaweza kubaki, maana orodha inafungwa.

Ramadhani njema, wewe na Baba.

Mdogo wako,
Sabiri


Tabora, Ng'ambo,
8 Machi 2025

Sabiri,

Marahaba. Nimefunga, na aliyefunga hatakiwi kukasirika, kwa hiyo nimesubiri nifuturu kwanza ndipo nikukasirikie kwa nafasi.

Jogoo wa jirani! Umesahau sauti ile ilipatikanaje? Tulimwingiza Mama kabatini, tukatundika godoro mlangoni ili pawe kimya. Tukamwambia aitike kama mtu wa kuzimu. Mara ishirini na tatu, Sabiri, na zote akacheka. "Mnanitia kabatini mimi, na umri huu?" Tukakata tamaa. Akatoka zake, akarudi jikoni. Baba akaja kutoka msikitini, akafika mlangoni akaita kama alivyoita kila siku ya ndoa yao: "Kuluthumu!" Naye akaitika kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, mikono ina unga: "Abee." Mashine yako ilikuwa bado inarekodi. Ulinitazama, nami nikakutazama, nywele zikatusimama. Hukumwambia hata asante, ulikimbilia kompyuta ukakata jina aliloitwa, ukabakiza jibu.

Hao mafundi wako hawawezi kuitengeneza ile. Ilitisha kwa sababu ilikuwa ya mtu wa kweli aliyeitwa na mtu wake.

Sasa nikwambie nililokuwa sijakwambia. Tangu Mama afariki, Baba anakuja kibandani kila siku baada ya swala ya alasiri. Anakaa kompyuta namba moja. Hajui hata kushika kipanya. Namfungulia gemu la kwanza, kambi ya Tura, namvalisha hedifoni. Yule kirangozi ni yeye mwenyewe, ulimrekodi wiki ileile. Anajisikiliza akiita wale kumi. Kisha anamsikiliza Mama. Kisha anavua hedifoni, anasema "Haya," anakwenda nyumbani. Kila siku, karibu miaka mitatu. Wateja wanajua. Aliyeko namba moja anasimama mwenyewe, hata kama anakaribia kushinda.

Diski yako ilipofika nikamwambia, Baba, Sabiri katengeneza jingine, leo utamsikia Mama mahali papya. Akarudi nyumbani kuvaa kanzu. Ya Ijumaa, na ilikuwa Jumatano. Nikamvalisha hedifoni kwa mikono yangu. Nikasimama pale nikimtazama uso. Yule mpiga kelele wako alipopaza sauti, Baba akavua hedifoni, akaniuliza: "Huyu nani?"

Na tangu siku hiyo haji. Hata lile la kwanza hataki tena. Anasema tumwache marehemu apumzike, kwamba kumbe hata wewe ulikuwa umeshaona hivyo.

Nimechoka na wewe, mdogo wangu. Ningekuwa na nguvu ningekutandika. Ondoa jina langu. Hilo gemu halikupimwa Tabora, na usiandike Tabora popote.

Dada yako,
Mwanahawa


Tabora, Ng'ambo,
5 Aprili 2025

Sabiri,

Hujambo? Sisi wazima.

Idi imepita. Hukupiga simu, hukuandika. Masolwa ameshuka hapa mara nne mikono mitupu, na sasa akiniona stesheni anajificha nyuma ya mabehewa, mtu mzima na tumbo lake. Baba aliniuliza umekula Idi wapi. Nikamwambia kwa marafiki, biriani mpaka ukashindwa kusimama. Nimedanganya siku ya Idi kwa ajili yako.

Nimesema uondoe jina langu. Sikusema uondoke wewe.

Andika. Usipoandika nitapanda treni nije nikutoe kwenye hicho kiyoyozi kwa sikio.

Dada yako


Dar es Salaam,
20 Aprili 2025

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Nisamehe. Barua hii nimeianza mara sita. Ya kwanza ilikuwa na hasira, nikaichana. Nyingine hazikuwa na kitu.

Nilikudanganya. Mafundi wa sauti hawakusema lolote kuhusu rekodi ya Mama, kwa sababu hawajaisikia. Hakuna aliyeisikia humu ofisini. Lile faili sijalifungua tangu Juni 2022.

Jumapili ile Mama alinipigia. Unajua, wewe ndiye uliyembonyezea simu, kisha ukatoka kwenda kumchemshia maji. Hukusikia tulichosema. Aliniambia, "Sabiri, sijisikii vizuri, njoo." Nikamwambia, "Mama, gemu la pili linatoka Jumanne. Nikimaliza tu, nakuja." Akasema, "Haya baba, maliza." Jumanne unaijua. Nilipanda treni siku hiyohiyo. Jumatano baada ya adhuhuri treni ikasimama Tura, inapisha ya mizigo. Wanawake walikuwa madirishani na kuku na karanga na asali. Ndipo ulipopiga ukaniambia mmeshazika.

Sijui kwa nini, nilinunua asali. Mama mmoja aliinua chupa na mimi nikaipokea. Nilishuka Tabora na chupa ya asali mkononi, na watu waliokuja kunipokea wana udongo wa kaburi kwenye viatu. Nilikaa siku tatu nikaondoka, na sijarudi tena. Mnaniuliza kila mwaka, nasema kazi.

Kwa hiyo tulipofika kuchora Tura sikuweza. Nilimwambia Raymundi nafasi haitoshi. Yale magobori pia si ya Raymundi. Ni mimi. Nilipokuwa najaribu ile njia ya kurudi nyumbani nilikuwa siwezi kutembea mikono mitupu, nikajipa bunduki, kisha nikajipa nyingine. Kila palipokuwa na kimya niliweka kelele. Ulipima sawasawa, dada. Tatu kwa kumi ni nyingi.

Habari za Baba sikuzijua. Wallahi sikuzijua.

Jina lako nimeliondoa kama ulivyosema. Ule mstari sasa uko mtupu, sijaweza kuufuta.

Mdogo wako,
Sabiri


Tabora, Ng'ambo,
23 Aprili 2025

Sabiri mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani cha Mama, na nimeisoma mara ya pili kwa sababu ya kwanza sikuona vizuri.

Mjinga wewe. Miaka mitatu unabeba hiyo na kwenye gemu hutaki mtu abebe kitu.

Sasa sikiliza. Jumapili ile niliporudi na maji nikamkuta Mama ameshika simu anatabasamu. Akaniambia, "Mdogo wako anatoa gemu Jumanne. Mwache amalize, asikatizwe." Jumatatu yote, kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa kuhusu Jumanne. Alimwambia mpaka muuza maziwa. Alikuwa anajisifu kitandani, mwenye homa, kwamba sauti yake inatisha watu Ulaya. Sikukwambia kwa sababu hukuuliza, ulikaa siku tatu bubu ukaondoka. Ningejua umebeba mzigo wa namna hii ningekufuata stesheni.

Alitaka uje, ndiyo. Sitakudanganya kwenye hilo, mimi si mafundi wako wa sauti. Alitaka uje, na alitaka umalize. Vyote viwili.

Na ile asali tuliinywea chai siku ya hitima. Nilidhani umeileta makusudi. Shangazi aliniuliza umeipata wapi, alisema hajaonja nzuri kama ile.

Haya, kazi. Lile faili utalifungua. Usianze na ile abee ya jikoni, itakuangusha. Anza na za kabatini. Fungua namba kumi na saba, unaikumbuka, ile tuliyosema imeharibika kabisa. Fungua mchana, mlango wazi, umeshakula, na mtu yuko karibu.

Kisha toa magobori. Mrudishie mtu mzigo wake. Na Tura uirudishe, ama sivyo msafara wako haufiki nyumbani, utazunguka porini na mshale wake mpaka kiyama.

Baba haji kibandani bado. Akimaliza alasiri anakaa barazani.

Dada yako,
Mwanahawa


Dar es Salaam,
30 Mei 2025

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimelala wiki hii, siku mbili usiku kucha.

Nimelifungua. Namba kumi na saba nimeisikiliza ofisini saa nne asubuhi, mlango wazi, kama ulivyoagiza. Wenzangu walidhani nimepata habari mbaya, kisha wakadhani nimepata nzuri.

Raymundi alifoka sana nilipomwambia tarehe inasogea. Nikamkalisha, nikamvalisha hedifoni, nikamfungulia kambi ya Tura ya gemu la kwanza, ambalo kumbe hakuwahi kulicheza. Ilipokuja ile abee akapandisha miguu yote kwenye kiti. Hakufoka tena. Gemu litatoka Septemba.

Diski hii ina kipande kimoja tu, kutoka Mgunda Mkali hadi Tura. Mshale nimeufuta. Nilichoweka Tura sikwambii. Pima. Na Baba akikubali, naomba akae namba moja.

Mdogo wako,
Sabiri


Tabora, Ng'ambo,
12 Juni 2025

Mdogo wangu Sabiri,

Marahaba. Sisi wazima, Idi Kubwa tumekula vizuri. Mchwa wamekufa, na kompyuta ya nne imekufa pamoja nao.

Nimepima. Nakwenda kwa utaratibu.

Pori la Mgunda Mkali. Robota begani, mkono mmoja umeshikilia, mwingine mtupu. Maji hakuna. Hakuna zimwi, hakuna meno, kuna nyasi tu na kitu kinachokanyaga mimi nikikanyaga na kunyamaza mimi nikinyamaza. Robota liliniponyoka mara tatu, na nilikutukana mara tatu. Nilipotea. Masolwa alikuwa nyuma ya kiti changu amekunja miguu nusu saa nzima, treni yake inapiga honi stesheni. Mwalimu Wilbroad alisema kwa sauti ndogo kwamba sasa ndiyo historia. Hapo nilikuwa nimeshakuandikia tisa kwenye kiganja.

Baba alikuja. Nilimwambia tu, "Sabiri kairudisha Tura." Alikuja na shati la nyumbani, kanzu hakuvaa, nadhani aliogopa kuivaa tena bure. Aliyekuwa namba moja akasimama. Nikampelekea msafara mpaka kambini, nikamvalisha hedifoni, na mimi nikabaki na zile spika ndogo za pembeni.

Kirangozi akaanza kuita. Sauti ya Baba, ya 2016, meno yake bado yote. Naam kumi. Kisha kimya, kirefu kuliko cha la kwanza. Halafu kirangozi akaita jina la kumi na moja, lile ulilolikata siku ile na kulificha miaka yote: "Kuluthumu!"

"Abee."

Na sufuria, na jogoo. Halafu, badala ya kuishia hapo kama mtu mwenye akili, ukaweka namba kumi na saba. "Jamani nitoeni huku kabatini, mmeshachoka nyie, njooni mle, ugali unapoa." Na kicheko chake chote, mpaka pale anapokohoa.

Sabiri, umeliharibu. Huwezi kumtoa mtu jasho porini saa nzima, ukamleta kambini moyo uko kooni, kisha mzimu wako ukamkaribisha chakula! Mwalimu anasema hakuna msafara uliowahi kukumbwa na jambo kama hilo. Masolwa alicheka na kulia kwa pamoja, ikabidi akimbilie treni isimwache. Kwa la kwanza tulitoka hapa tunaogopa kuitwa. Kwa hili, watu wote walitoka kwenda kula.

Baba alivua hedifoni. Nikamtazama uso, najiandaa. Akaniambia, "Kumbe mlimfungia kabatini?" Nikasema ndiyo, Baba. Akacheka, Sabiri. Sijamsikia akicheka tangu 2022. Akazivaa tena mwenyewe, akasema, "Rudia."

Kwa kutisha nakupa sufuri. Usiguse kitu chochote, hata jogoo. Jina langu lirudishe pale pale.

Baba sasa anakuja tena kila alasiri. Juzi alipomaliza hakusema "Haya." Alikaa akaniuliza, "Na huyu Sabiri mwenyewe, anakuja lini?" Mimi kudanganya nimeshamaliza, nilimaliza siku ya Idi. Nikamwambia nitakuuliza.

Nakuuliza.

Dada yako,
Mwanahawa


Jumamosi, 28 Juni 2025, ujumbe wa simu

Mwanahawa, saa 9:12 alasiri: Masolwa kanipigia, anasema behewa la tatu kuna mtu anafanana na wewe, kakaa dirishani hataki hata chai. Ni wewe? Mbona husemi kama unakuja, nisonge ugali wa watu wangapi? Baba kasimama mlangoni anakuita.

Sabiri, saa 9:15 alasiri: Naam. Niko Tura, nanunua asali.